Kuhama kwa Droo ya M

Mama Rozi,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini miaka yote niliingia masijala kwa shikamoo yako, na barua siwezi kuianza vingine.

Tangu tukuzike Kerenge, zahanati imegeuka. Shamba la mkonge limeuzwa kweli, na mwenye mali mpya amefungua mlango kwa kila mtu, si wafanyakazi wake tu. Wafugaji wanatoka Handeni, wakulima wanatoka Mnyuzi, na wote wanataka kadi.

Unakumbuka madirisha yetu? A mpaka L, M peke yake, N mpaka Z. Kina mama wote tuliwaandika Mama Fulani, basi foleni ya dirisha lako la M ilifika jikoni, nami kwenye N nikipiga miayo. "Neema, utaota mizizi hapo!" ulinitania. Lakini niliposema tugawe kadi kwa namba, ulikataa katakata. "Kadi si kuku wa kuhamishwa ovyo. Ikipotea kadi, amepotea mgonjwa."

Nimezihamisha, Mama. Kila kadi sasa ina namba, na tarakimu ya mwisho ndiyo inayosema ikae dirisha lipi. Hatukufunga hata siku moja. Kila alasiri tulihamisha fungu moja, na kadi ilipotoka niliacha kikaratasi: "Imehamia dirisha la tatu." Niliogopa sana maneno yako yasije yakatimia.

Wiki ya pili nusura yatimie. Kadi ya Mama Hadija wa Mazinde haikuonekana, na penisilini yake ilikwisha kuvutwa kwenye sindano. Nikamsihi muuguzi asubiri, nikamwuliza yule mama jina lake mwenyewe. Akacheka, maana hakuna aliyewahi kumwuliza. "Zaina," akasema. Halafu kwa sauti ndogo: zamani aliitwa Mama Salimu, ila Salimu alifariki. Nikakimbilia droo ya M. Kikaratasi cha Mama Salimu kilikuwepo, kikanipeleka dirisha la tatu, na kwenye kadi, kwa mwandiko wako, wino mwekundu: "Penisilini hapana, huvimba." Nililia palepale dirishani, Mama, watu wakiniangalia.

Sasa kila mama tunamwuliza jina lake. Foleni tatu zinakwenda sawasawa, na saa sita kina mama wa Mnyuzi wamekwisha kurudi shambani. Ungefurahi, ingawa usingekubali kusema.

Jana droo ya M ilibaki na kadi moja: "Mama Rozi." Kadi za marehemu hazipewi namba, zinakwenda kwenye sanduku la stoo. Niliishika mpaka chai yangu ikapoa. Jina lako nililisikia kwa mara ya kwanza padre alipolitaja kaburini. Nimekaa nawe miaka yote ile, sikuwahi kukuuliza! Nisamehe. Nikaliandika juu ya kadi kwa herufi kubwa, AGNESI, ndipo nikaiweka sandukuni na kuipangusa droo vumbi.

Lala salama, Mama. Nakuahidi, maadamu nipo dirishani, hakuna mwanamke atakayeandikiwa kadi kabla hajanitajia jina lake mwenyewe.

Mwanao wa masijala,
Neema