Kamba ya Kupimia Neptuni

Jumatatu, 8 Juni

Ukungu Kilungu nzima. Uji, kengele, gredi ya saba. Sayari za nje. Kitabuni Jupita, Zohali, Uranusi na Neptuni zimebanana kama vikombe kwenye rafu. Ndinda wa dawati la mbele akauliza mbona Neptuni ni baridi hivyo na jua liko hapo tu kando. Swali zuri. Zamani lingenifurahisha.

Nimewaahidi tutapima barabarani. Dunia ikiwa mita mia kutoka kwa jua, Neptuni ni mita elfu tatu. Kibao kinasema kutoka shuleni hadi sokoni ni kilomita tatu. Kwa hivyo Neptuni itaangukia sokoni. Kabla ya kufika huko tutapita lango la mama. Nitatazama upande wa pili.

Jumanne, 9 Juni

Ujumbe kutoka kwa Mwende, dada yangu. Wa kwanza tangu mazishi, miezi miwili. "Jumamosi nafunga nyumba ya mama. Nimepata kazi ya jikoni Makindu. Kama kuna kitu yake unataka, kuja." Sijajibu.

Yeye ndiye aliyemuuguza mama. Mimi nilisema nitakuja Jumamosi, nimalize kusahihisha mitihani. Mama akafa Alhamisi. Kaburini, nilipoinama nichukue udongo nimwage kama wengine, Mwende akanishika mkono mbele ya watu wote. "Wewe rudi kwa karatasi zako." Nikarudi. Udongo sikumwaga. Tangu siku hiyo sisikii kitu moyoni. Nakula, nafundisha, nalala.

Jumatano, 10 Juni

Nimechukua kamba kwenye stoo ya kanisa. Ya katani, ya mwethya, kile kikundi cha akina mama wa kuchimba matuta. Mama alikuwa kiongozi wao miaka mingi. Ina mafundo mia moja, na kila fundo ni mita. Bado inanuka udongo.

Nimenunua chungwa la Jupita, chungwa dogo la Zohali, ndimu mbili. Dunia ni punje ya mbaazi. Jua tumelichora ukutani kwa chokaa. Mwende sijamjibu.

Alhamisi, 11 Juni

Tumeanza. Mbaazi mwishoni mwa kamba ya kwanza. Jupita mafundo mia tano na ishirini, karibu na kinu cha kusagia. Zohali mia tisa na hamsini. Nilidhani tungekuwa tumelipita tangi la kanisa. Hatukuwa tumelifikia. Nikalaumu kona za barabara. Watoto waligeuka nyuma, wakaona jua limebaki doa dogo. Niliwaambia mwaka mmoja wa Neptuni ni miaka mia moja sitini na tano ya kwetu. Ndinda akasema basi huko hakuna mtu amewahi kufanya birthday. Wakacheka. Mimi nikaandika namba.

Ijumaa, 12 Juni

Uranusi, elfu moja mia tisa na ishirini. Ndimu ya kwanza juu ya jiwe. Baada ya hapo ni kuvuta kamba tu, bila kitu chochote njiani. Kamba ya thelathini ikaisha. Nikainua macho. Si sokoni. Fundo la mwisho liko langoni kwa mama.

Mwende alikuwa uani akifunga masufuria kwenye gunia. Alikuwa amekonda. Akaja hadi langoni, akaitazama kamba, si mimi.

"Mnapima nini na hiyo?"

"Mita elfu tatu," nikasema.

"Hiyo si mita. Ni hatua za mama. Yeye alikuwa anatembea, mimi nafunga fundo."

Mwalimu wa sayansi, na sikuwa nimeiweka kando ya rula hata mara moja. Mganga hajigangi. Nimeiona kamba hiyo tangu utotoni, na sikuwahi kuuliza ilivyotengenezwa. Mwende alikuwepo. Mimi nilikuwa shule ya bweni.

Nikaweka ndimu ya pili juu ya nguzo ya lango. Tukarudi shuleni. Nilisikia aibu. Angalau nilisikia kitu.

Jumamosi, 13 Juni

Nilienda. Saa mbili asubuhi, kabla pikapu haijafika. Sikuomba msamaha, naye hakuutaja. Tulikunja magodoro. Aliuliza nataka nini cha mama. Nikasema kamba, ingawa ni ya kikundi. Akasema atawaambia akina mama.

Halafu akanipeleka nyuma ya jiko. Kaburi limeanza kuota nyasi. Akainama, akachota udongo, akautia mkononi mwangu. Nikaumwaga. Nilingoja machozi. Hayakuja. Mwende alilia kwa niaba yetu wawili, kisha akajipangusa kwa leso, akafunga mlango kwa kufuli. Ufunguo akanipa mimi.

Jumapili, 14 Juni

Sikuenda kanisani. Nimepima kati ya fundo na fundo kwa rula. Sentimita sabini na tano. Nimesimama juu ya kamba na kujaribu kutembea kama mama. Hatua zangu ni ndefu kidogo. Inabidi nizipunguze.

Nimepiga hesabu upya. Sayari zote zimepimwa kwa kamba ile ile, kwa hivyo hakuna iliyokosea mahali pake ikilinganishwa na nyingine. Sitazihamisha. Kwenye chati ya darasa nimefuta mita. Nimeandika: Neptuni, hatua elfu tatu.

Mwende ametuma ujumbe kwamba amefika Makindu na huko kuna joto. Nimemjibu kwamba huku bado ni ukungu, na ndimu iko pale pale juu ya nguzo.