Darasa Lililojipangia Saa Zake

Shule ya Misheni,
Usinge, kupitia Tabora.
16 Mei 1954

Mpendwa dada Getruda,

Shikamoo. Tumsifu Yesu Kristo. Habari za huko Tanga? Shemeji Raymundi kifua chake kimepona? Watoto wanakula vizuri? Mimi mwili ni mzima, namshukuru Mungu. Moyo ndio sijui nikuambieje.

Tangu niletwe huku kufundisha, watu wananiheshimu mno. Wananisalimu kwa mbali, wanapita zao. Jioni nikishamaliza maandalio ya masomo ya kesho, sina wa kuzungumza naye. Juzi nilijikuta naifundisha hesabu sufuria ya ugali.

Masomo nilikuwa nayaandaa vizuri, lakini mtama ulipoanza kukomaa madawati yakabaki matupu. Nikakemea, wakazidi kupungua. Siku moja nikaweka kitabu chini, nikawauliza wachache waliokuja, "Ninyi mnaonaje? Tufanyeje?"

Wakatazamana. Nadhani hakuna aliyewahi kuulizwa. Mwishowe Apolinaria, binti mmoja mpole sana, akasimama. "Mwalimu, asubuhi ndege wanamaliza mtama, na sisi ndio tunaowafukuza. Kengele ipigwe jua likipanda, wakishatulia."

Walibishana, dada, ungecheka! Wakakubaliana tuanze saa nne, tuachane kabla ndege hawajarudi jioni. Hesabu itangulie wakiwa hawajachoka, kuimba kuwe mwisho. Nikapanga upya masomo yote. Darasa likajaa.

Wiki iliyopita akaja msimamizi wa shule, Mwalimu Ambrosi. Alifika saa mbili, akakuta darasa tupu.

"Nani amebadili saa?"

Nikamwambia tumepanga pamoja na watoto. Alinitazama kama anayemtazama mtu mwenye homa. Lakini alingoja, na walipofika akawauliza wenyewe. Wakamjibu bila kuogopa, hata Apolinaria.

Unajua niliomba uhamisho nikae na mama pale nyumbani Mtendeni, maana macho yake hayaoni tena vizuri. Ambrosi alipokuwa anaondoka akanipa mkono, akasema, "Uhamisho wako nilikuwa nimeukubali. Lakini sijapata kuona shule hii imejaa hivi. Kaa mwaka mmoja tena."

Nikasema, "Ndiyo, Mwalimu." Alipokwenda nikaingia ndani nikalia.

Bi Zamda, jirani yetu, anamchotea mama maji na kumpikia, Mungu amlipe. Lakini si sawa na mtoto wake mwenyewe. Dada, shemeji akikuruhusu, safiri ukakae naye hata wiki chache. Nakuomba sana.

Jana niliwaambia watoto kwamba nabaki. Wao hata hawakujua nilitaka kuondoka. Waliruka, wakapiga makofi, vumbi likatimka darasa zima. Nami nikasimama mbele yao nikipiga makofi, namuwaza mama anapapasa ukuta kutafuta mlango.

Nisalimie shemeji, Anselm na mdogo wake, na mama mkwe wako umpe shikamoo yangu. Mama Bikira Maria awafunike nyote kwa kanga yake.

Mimi mdogo wako akupendaye, anayekukumbuka kila jioni,
Tekla