Gari Ulilomshushia Mama

Shikamoo Baba,

Leo naamkia nikijua marahaba yako siisikii tena. Nyumba hii ya Mwankoko imekuwa kimya mno. Mama yupo, kwa hali yake. Miguu ni vilevile tangu kiharusi, mkono wa kulia bado mzito, ila maneno yanatoka. Jana alinigombeza kwa kuzidisha chumvi kwenye mlenda. Nikafurahi, kisha nikaenda kulia jikoni.

Nakuandikia kuhusu gari. Mimi na kaka Yohana hatusemezani kwa sababu yake, na aliyekuwa akituamua ni wewe.

Unakumbuka walivyokucheka mjini? Singida nzima watu wananyanyua magari kwa ajili ya barabara zetu, na wewe mzee mwenye mvi ukaenda kulishusha lako. Vijana wa gereji wakakuuliza, "Mzee, unataka kushindana na nani?" Ukawajibu, "Na magoti ya mama yenu." Hawakujua kwamba Mama alikuwa ameacha hata kwenda kanisani. Kiti cha gari kilikuwa juu kuliko kiti chake cha magurudumu, kila safari ilibidi wanaume wamnyanyue, na wewe mgongo wako ulishagoma. Akasema hatabebwa tena kama gunia la alizeti mbele za watu. Mama akishasema, imeisha.

Nilikuwepo siku ile kwa fundi Iddi. Alikuambia bila kukuficha: kukata springi zilizopo ni kazi ya dakika chache, lakini gari litadundadunda, na kwenye shimo springi inaweza kuchomoka mahali pake ukakosa kulimudu. Heri springi fupi zilizotengenezwa hivyo, pamoja na shokapu zake. Na hata hizo zina bei yake, alisema. Ukijaza watu, tairi zitakwaruza madigadi. Sampu ya oili, lile bakuli la chini ya injini, itakuwa jirani ya mawe. "Mgori usahau, mzee. Lile korongo hulivuki."

Mgori ndiko shamba lako, ndiko walikolala babu na bibi. Hata hivyo ukasema, "Shusha."

Tangu hapo viti viwili vikawa sawasawa. Ukaweka ubao katikati, Mama akateleza mwenyewe mpaka ndani, akafunga mlango kwa mkono wake, akakuuliza unangoja nini. Ukajifanya unatafuta funguo. Ulikuwa unalia, nilikuona. Na Mgori ukawa unakwenda kwa bodaboda, umeshikilia kofia, unarudi na vumbi mpaka kwenye nyusi. Mimi nilikuwa nalalamika. Wewe hukulalamika hata mara moja.

Kisha asubuhi ile presha ikakuangusha uani, ndoo ya maji mkononi.

Nikusimulie ulivyozikwa, maana hilo ndilo linaloninyima usingizi. Pikapu ilikubeba mbele, sisi tukafuata na gari lako, Mama kwenye kiti chake. Tulipofika korongoni pikapu ikavuka. Sisi tukasikia chuma kinasaga jiwe, gari likakaa palepale. Wanaume wakaja, wakafungua mlango wamnyanyue. Mama akashika mkanda wa gari akakataa. Nilimsihi. Nilimkaripia, Mungu anisamehe, nikamwambia Mama huu si wakati wa kiburi. Akasema kwa ulimi wake mzito, "Mleteni yeye."

Baba mdogo akaja juu. Jeneza halirudi nyuma, alisema, hajapata kuona jambo hilo, watu watasemaje? Nami kwa hasira nikamwambia waseme wanachotaka, aliyefiwa na mume ni nani? Nilimkosea adabu na sijutii. Alisimama, akavua koti. Halafu yeye mwenyewe akatangulia kwenda kukushusha kwenye pikapu. Wakakubeba kwa mikono kurudi kuvuka lile korongo, wakakuweka chini, kando ya mlango wake.

Hakuhitaji kuinama, Baba. Alinyoosha tu mkono wa kushoto ukafika juu ya jeneza. Akasema nawe Kinyaturu, kwa sauti ndogo, na watu wote wakageuka kutazama porini. Sikusikia alichosema. Kisha wakakuchukua, na yeye akabaki garini na shangazi mpaka tuliporudi na udongo kwenye viatu.

Ndiyo maana Yohana anataka gari linyanyuliwe. Anasema haiwezekani mjane asilijue kaburi la mumewe. Ana haki. Nami nasema likinyanyuliwa Mama hataingia, atakaa ndani ya nyumba hii mpaka afe. Nami nina haki. Juzi akachukua funguo aende kwa fundi Iddi. Mama akagonga ukuta kwa fimbo mpaka tukaja wote wawili.

"Baba yenu alilishusha mpaka likanifikia," alisema. "Msiniondolee."

Yohana akaweka funguo mezani akatoka nje. Nilimsikia akilia nyuma ya banda la kuku, mwanaume mzima. Sikumfuata. Nilikuwa sijiwezi mwenyewe.

Leo asubuhi hakuaga. Mchana jirani wa shamba lako kanipigia simu kutoka Mgori, ananiuliza kulikoni: kaka yako yuko korongoni peke yake tangu saa mbili, anasomba mawe anajaza pale gari lilipokwama.

Kwa hiyo Baba, gari halitanyanyuliwa. Hiyo ndiyo ahadi yetu. Mawe Singida hayajapata kuisha. Kesho naazima koleo namfuata Yohana, na mvua ikiyasomba tutayapanga upya. Mama hajui bado. Nikimaliza barua hii nakwenda kumwambia.

Lala salama, Baba yangu. Nimekukumbuka mpaka mifupa inauma. Tungoje huko huko, tunakuletea mkeo, na atakuja amekaa kwenye kiti chake.

Binti yako,
Rehema