Hewa ya Baba

Jumatatu, 3 Juni

Leo nimepewa jina. Nimeingia wodi ya wanaume nikasikia nesi akinong'ona: Trafiki huyo, fungeni mikanda. Sawa. Mganga mkuu ndiye aliyenituma nizunguke, nione kama madaktari wenzangu wanafuata mwongozo kwa wagonjwa wenye maradhi sugu ya mapafu. Hawafuati. Antibiotiki zinagawiwa kama peremende. Hakuna anayemwambia mgonjwa hebu vuta pampu yako nikuone — mmoja ananyunyizia ulimi tangu mwaka jana. Na oksijeni! Wanaifungulia kama bomba la bustani.

Nimegombana na Bwana Mkubwa, daktari mzee kuliko sisi sote. Nikamwambia: mapafu yaliyochoka hivi ukiyapa oksijeni nyingi, hewa chafu inajaa kwenye damu, mgonjwa analewa usingizi, na huenda asiamke. Mwongozo unasema kidogo kidogo. Akavua miwani, akaifuta. Akasema hayo anayajua tangu sijazaliwa, ila ndugu wamesimama pale wanamtazama mtu wao akihangaika, na wao mwongozo hawajausoma. Nikamwambia hicho si kisingizio. Mbele ya manesi wote. Sijutii.

Jumatano, 5 Juni

Baba kalazwa. Kifua kimembana tangu alfajiri, kaka kamleta kamshika kwapani. Seremala maisha yake yote — vumbi la mbao mchana, sigara jioni. Midomo imegeuka rangi.

Wodi ya Bwana Mkubwa, basi. Nilitaka nimhudumie mwenyewe. Akanisogeza kando kwa upole, akasema mganga hajigangi, wala hamgangi babake. Nimeogopa. Nimemwogopa yeye na bomba lake.

Kumbe! Oksijeni kaiweka kidogo, pale pale panapotakiwa. Kamwambia Baba avute pampu mbele yake, kamsahihisha, karudia mpaka akaweza. Kapima damu. Hakuna alichoruka. Nimetafuta kosa na sikuliona.

Alhamisi, 6 Juni

Baba anagombania pumzi. Amekaa kainama mbele, mikono magotini, mabega yanapanda na kushuka. Hawezi kumaliza sentensi. Kaniambia neno moja tu: ongeza. Kisha tena, ongeza. Mtu aliyenibeba mabegani ananiomba hewa, na hewa ipo hapo ukutani, kifungulio kiko usawa wa mkono wangu.

Mama kauliza kwa nini jirani wa kitanda cha pili kafunguliwa nyingi na Baba kafunguliwa kidogo. Nikamweleza kwamba yule ana nimonia, mapafu yake ni mengine. Nikamweleza na habari ya hewa chafu. Amenisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema: mwanangu, mimi naona babako anakosa hewa, wewe unaniambia hewa itamuua. Kaka akatoka nje bila kunitazama.

Nimekwenda ofisini kwa Bwana Mkubwa kumwomba aongeze. Mimi! Kidogo tu, nikasema, Mama atulie. Hakunicheka, na afadhali angenicheka. Akasema akiongeza kwa sababu mimi nimesimama namtazama, atakuwa amerudi kule kule nilikomkataza Jumatatu. Akaongeza: mkuki kwa nguruwe. Methali nimejimalizia mwenyewe, njiani.

Ijumaa, 7 Juni

Vile vile. Mama hataki kula. Sijazunguka wodi yoyote, nimesema kichwa kinauma.

Jumamosi, 8 Juni

Mchana nimekuta kimya. Mama ana kidole mdomoni, anatabasamu, mara ya kwanza tangu Baba alazwe. Baba amelala chali. Mashavu yamepata rangi, mabega yametulia. Kaka kanong'ona kwamba nesi alipokwenda kula yeye aliongeza oksijeni kidogo, na tazama, mzee analala kama mtoto. Mama akasema usimwamshe.

Na mimi nilifurahi. Kwa muda wa kufumba na kufumbua, nilifurahi nao.

Kisha nikamshika mkono. Wa moto, una jasho, vidole vinarukaruka vyenyewe. Nikamwita. Nikamfinya sikio. Hakufungua macho. Nikaishusha oksijeni — kuizima sikuizima — nikapiga kelele aitwe Bwana Mkubwa. Mama kanikamata kiuno, ananivuta nyuma, analia: mwache mwenzangu alale, mwache alale. Kaka kasimama tu, mikono kichwani. Sikumlaumu, sikuwa na nafasi ya kumlaumu mtu. Bwana Mkubwa kaja mbio, kamfunga Baba barakoa ya mashine inayomsukumia pumzi. Damu imepelekwa maabara.

Sasa niko kwenye benchi la nje, Mama ameomba nisiingie. Mlango uko nusu wazi. Naona mabega ya Baba yameanza tena kupanda na kushuka, ile kazi nzito ya juzi. Ndiyo niliyomrudishia. Majibu ya damu bado. Anaamka au haamki, kwa kumtazama kutoka hapa siwezi kusema, na nimesomea kazi hii.

Mama katoka. Macho yamevimba. Ameniuliza bila hasira: ungekuwa binti yake tu, si daktari, ungemwamsha?

Nikamwambia ukweli. Ningekuwa binti yake tu, oksijeni ningemfungulia mwenyewe tangu siku ya kwanza, na ningekaa pale namtazama analala.

Amekaa mwisho wa benchi, ncha ya khanga mdomoni.

Nesi amechungulia. Anasema mzee anavua barakoa, anapigana nayo, kaka kashindwa, anatakiwa mtu wa kumshika mikono isiyatoe mabomba ya mashine. Mama hainuki. Ananitazama mimi —