Antena Ndefu ya Mlimani

Mjomba Kasiani,

Kutoka hapa Mpanda mpaka Ziwa Rukwa hakuna anayejua antena kunishinda mimi. Hata kunguru wa kule mlimani, kabla hawajatua, wananiomba ruhusa. Cheka tu huko uliko. Ulisema darasa la tano nililoishia linatosha kuchunga mbuzi tu. Leo Bruda wa misheni, mwenye leseni ya redio ya ridhaa na vitabu kabati zima, ananiita fundi.

Tangu tukuzike mambo ni mengi. Ripita yetu, ile mashine ya mlimani inayopokea sauti zetu na kuzirusha tena, ilianza kukwaruza kila upepo ukivuma. Bruda akakimbilia bisibisi, anataka kufungua mashine nzima. Nikamwambia, "Bruda, acha tumbo la mgonjwa, tuangalie kichwa." Nikagonga mlingoti kwa fimbo kama ulivyokuwa unafanya. Kwaru! Nikagonga tena. Kwaru! Nikapanda, nikakuta bolti ya antena imelegea, kutu imeganda kama ukoko wa ugali. Nikasugua kwa msasa, nikakaza. Kufungua waya unaoshuka, maji yakanimwagikia usoni! Nikakata kipande kilichooza, nikafunga upya kwa utepe na grisi. Kimya. Bruda akaruka kama mtoto.

Siku hiyo hiyo nikashusha na ile antena ndefu, nikarudisha yako fupi. Ndiyo, ulikuwa sahihi, usinyanyue mabega. Ile ndefu inatupa sauti mbali, imenyooka, inapita juu ya vichwa vya watu wa karibu. Inyonga walikuwa wananisikia kama nimekaa jikoni kwao, halafu Kakese na Magamba, hapa hapa chini ya mlima, hakuna kitu: hawanisikii wala siwasikii. Siku Bruda alipoileta ulinitania: "Wewe unataka sifa za mbali. Wa miguuni pako watasikilizwa na nani?"

Sasa mkeo, mama Getruda, akiwasha kile kiredio chako kule Magamba ananifokea: "Punguza kelele wewe, nakusikia hata ukimeza mate!" Juzi mchana nikampa habari kutoka zahanati ya Kakese: Getruda kajifungua dume. Jina Kasiani. Mama akapiga vigelegele huku kabana kitufe, hataki kukiachia, na sisi wote tukashindwa kuongea robo saa nzima! Mtoto ana masikio yako, masikini.

Basi pumzika, Mjomba. Nakuahidi, kila siku kabla sijatafuta mtu wa mbali nitaita Magamba kwanza, halafu nitafunga domo langu nisikilize.

Ila kuna jambo sijamwambia mtu. Antena ndefu niliifunga mwenyewe, Bruda akiwa safarini, wiki ile uliyolala kitandani. Mama Getruda anasema siku tatu ulikuwa unabonyeza kitufe, unaniita kwa jina. Mimi nilikuwa najigamba na watu wa Inyonga. Aliponiuliza msibani kwa nini sikuitika, nikamjibu betri yako ilikuwa imekufa. Akaamini. Hata akaniomba radhi kwa kuuliza.

Betri ilikuwa nzima, Mjomba. Niliipima mwenyewe, nikanyamaza.

Mpwa wako,
Tito