Mzigo Hufungwa na Mwenzako

Mjukuu wangu Bahati,

Amani ikufikie huko Kigali. Sisi hapa Gihundwe tuko wazima, mgongo wangu tu ndio unanung'unika, na dada yako amefaulu mtihani. Picha ya vitu ulivyotandaza kitandani nimeiangalia kwa miwani: hema, taa ya kufunga kichwani, jiko dogo kama kikombe. Hilo jiko linawashwaje? Unaniuliza mimi Koko wako upunguze nini, kwa siku tano za kutembea kando ya Ziwa Kivu mpaka hapa kwangu.

Nilipokuwa msichana, tulivuka kutoka Bukavu kwenda kuuza vitenge Giheke, kwa miguu. Desturi yetu, kila muntu alifunga mzigo wa mwenzake. Mwenzangu wa safari, Maman Furaha, akafungua wangu, akatoa viatu vya kanisa, sufuria, na pasi ya mkaa.

"Pasi ya nini? Milima itaangalia nguo yako?"

Nilikasirika. Nikafunga wake harakaharaka, bila kumtazama.

Kilima cha kwanza kilimaliza hasira. Kisha mvua ikatukuta. Nikafungua mzigo wangu, nikakuta amenitilia sweta yake. Mimi nilipofunga mzigo wake, sikuwa nimefikiria mvua hata kidogo.

Sasa, Bahati, umenitajia vitu vyote, hata kijiko. Hukunitajia unatembea na nani. Niandikie mapema, nijue nipike sombe ya bantu bangapi.

Koko wako