Mkono Wangu wa Kushoto na Ule Mteremko

Jumamosi jioni, Kiptere. Mvua ilinyesha alfajiri ikaacha, jua likatoka kali, na sasa baridi imerudi. Nimeoga, nikaoga tena, na bado nina matope masikioni.

Nimeshuka!

Nieleze vizuri. Mimi hubeba maziwa kwa pikipiki. Kila asubuhi nazunguka kwa wafugaji, nafunga mitungi nyuma, nakimbilia kituo cha kupoza maziwa kabla hayajaharibika. Kazi hii niliianza kabla binti yangu Faith hajazaliwa. Kwa hivyo nilipojiunga na wanaojifunza motokrosi, mbio za pikipiki za matope na matuta, kwenye malisho yaliyo juu ya mashamba ya chai, nilijua nitawatoa vijana kijasho. Pikipiki si ni pikipiki tu?

Wapi!

Siku ya kwanza Kocha Rono alinisimamisha, akataka kujua mbona nimekalia tangi. Sikuwa hata nimegundua. Nimezoea kusogea mbele ili mitungi ipate nafasi, na nyuma yangu siku hiyo hakukuwa na mtungi wowote. "Unaachia nani nafasi, Mama Faith?" aliniuliza. Vijana walicheka hadi wakakaa chini. Mmoja wao, Brayo, mwenye mdomo kuliko mwendo, akanibatiza Mathe Maziwa, yaani Mama Maziwa, na jina likashika.

Hilo la kukaa nililirekebisha. Ugonjwa wangu hasa ulikuwa mteremko. Huku kwetu barabara ni kupanda na kushuka, na sisi wa pikipiki za kazi tukifika penye mteremko tunabana klachi na kuacha pikipiki iserereke yenyewe, tuokoe mafuta. Mkono wa kushoto unafanya bila kuuliza. Barabarani hakuna shida. Lakini kwenye udongo uliolowa, wenye matuta, ukibana klachi injini haikuzuii tena. Unaporomoka, unakanyaga breki kwa hofu, gurudumu la nyuma linateleza, na wewe huyo chini. Mara ya mwisho niliishia katikati ya chai ya watu, na mama mmoja aliyekuwa akichuma akaniuliza kwa upole kama nimepotea.

Baada ya hapo Kocha alinirudisha uwanja tambarare, nizunguke matairi ya zamani huku wenzangu wakiruka. Nilikasirika, na nilikasirika zaidi kwa sababu alikuwa na haki. Mama yangu, ambaye ameshawaomba akina mama wa kanisani waniombee niache mchezo huu, alisema huenda Mungu amejibu.

Kisha wiki hii Kocha akatangaza kwamba leo atachagua watakaoshiriki mashindano ya wanaoanza kule Sigor. Sharti moja tu, umalize njia nzima bila kuanguka, mteremko ukiwemo. Ukianguka, unarudi tambarare hadi msimu ujao. Niliitaka nafasi hiyo mpaka nikajionea aibu. Mtu mzima, mama wa mtoto, natamani kitu kama mtoto wa shule anavyotamani viatu vipya.

Brayo alitangulia akaanguka pale pale mteremkoni. Zamu yangu ikafika.

Kona nilizipita, matuta madogo nikayapita, nikafika juu. Nikasimama kwenye vikanyagio, nikarudisha makalio nyuma. Na hapo vidole vya mkono wa kushoto vikaanza kujikunja kutafuta klachi. Navijua hivyo vidole. Nikavirudisha vyote kwenye mshikio, nikafunga ngumi. Injini ikalalamika, lakini ikanishika.

Katikati kulikuwa na mtaro uliochimbwa na mvua. Gurudumu la nyuma likayumba, na mkono ukataka tena. Niliukemea kwa sauti, kwa Kipsigis, kama ng'ombe anayepiga teke wakati wa kukamuliwa. Badala ya kubana klachi nikaongeza mafuta kidogo tu. Pikipiki ikajinyoosha. Nikafika kwenye tuta lililo mwisho wa mteremko, na magurudumu yote mawili yakaachana na ardhi.

Si juu sana. Kuku angeruka zaidi. Lakini niliruka, nikatua, na nikamaliza njia yote nikiwa juu ya pikipiki.

Nililia ndani ya helmeti. Kocha hana maneno mengi ya sifa, aligonga tangi langu na kusema, "Sigor unaenda." Brayo akaja akichechemea, bila mzaha safari hii: "Mathe, nionyeshe venye umefanya na hiyo klachi." Nilimwonyesha. Sikuringa. Sawa, niliringa kidogo.

Halafu nikaomba mzunguko mwingine, ambao haukuhitajika na yeyote. Miaka yote hii nikiwasha pikipiki huwa napeleka kitu kwa mtu, na huwa nimechelewa. Leo nilipanda kile kilima bila mzigo, hakuna aliyekuwa akinisubiri, na nikashuka nikiimba. Sijui mbona nilidhani furaha ya namna hii si ya watu kama mimi.

Kesho ni kanisa. Najua kila kiungo kitauma, na wakati wa kusimama kuimba Mama ataniona nikiinuka kwa kushikilia benchi, atikise kichwa mbele ya akina mama wenzake.

Atikise tu. Binti yake anaenda Sigor.